Birika la Nyuzi Sabini na Mbili

Jumatatu, 8 Julai

Baridi kali. Kioo cha dirisha la jikoni kimeganda kwa ndani, jambo ambalo hesabu zangu za jiko la kuni haziliruhusu. Nitazirudia.

Habari mbaya imeingia pamoja na kibuyu cha pili cha chimarrão, chai yetu chungu ya majani inayofyonzwa kwa mrija. Bi Zulmira Perin, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amekaa mahali pake pa kila asubuhi, kati ya jiko na sanduku la kuni. Akatangaza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya unga, kwamba Jumamosi anahama. Anashuka Laguna, pwani, kwa binti yake. Magoti yake yamechoka na baridi ya huku juu milimani. Nyumba imekwisha kupata mpangaji.

Dada yangu Noêmia alifuta macho kwa aproni, kisha akaendelea kugeuza mbegu za msonobari juu ya bati la jiko kwa nguvu isiyo ya lazima. Mimi niliuliza wastani wa joto la Laguna mwezi wa Julai. Bi Zulmira alisema hajui, Mwalimu, anachojua ni kwamba watu wa kule wanavaa kandambili mwaka mzima. Nilimmenyea mbegu. Nilimchagulia zile nene, zisizoungua, kama siku zote. Alizila bila kuzitazama, kama siku zote.

Ildefonso Kuntz hakupoteza muda. Huyu ni jirani wa upande wa pili, mjane kama Bi Zulmira, mwenye mashamba ya matufaha na pikapu ya dizeli. Alisema pikapu yake iko tayari kumshusha Bi Zulmira, masanduku yake, na kabati lake la vyombo likibidi. Akanywa kibuyu kimoja, akakirudisha, akasema asante. Kwetu kibuyu cha chimarrão huzunguka chungu na moto, mkono hadi mkono, na anayekirudisha kwa asante ametosheka: asijaziwe tena. Asiyesema asante bado anataka. Ildefonso hutosheka upesi. Ni mtu wa mahitaji machache.

Ndipo nilipojisikia nikisema kwamba Opala, gari langu, nayo inashuka Laguna.

Ildefonso aliuliza kama itashuka kwa kuwashwa au kwa kusukumwa, maana njia yote ni mteremko. Noêmia alicheka. Damu yangu mwenyewe. Bi Zulmira hakucheka. Alifunga mtandio wake na kusema, "Basi sikilizeni. Atakayekuwa langoni kwangu Jumamosi alfajiri, injini inanguruma, huyo ndiye nitakayekwenda naye. Sitaki kusikia ugomvi wa wazee."

Asubuhi nzima ya kona na mteremko. Sisi wawili. Madirisha yamefungwa. Nina maneno niliyoyatunza tangu mwaka wa pili wa ujane wake, adabu iliporuhusu. Na kabla ya hapo tangu siku nyingine, ambayo adabu haikuiruhusu na ambayo siiandiki hata hapa. Ni maneno matatu. Bi Zulmira, usiende.

Jumamosi, basi. Nimekwisha anza hesabu.

Jumanne, 9 Julai

Nyuzi mbili chini ya sifuri. Opala imewaka.

Naweka kumbukumbu sawasawa. Opala hunywa spiriti ya miwa, kama magari mengi ya nchi hii, na spiriti haipendi baridi: asubuhi ya barafu hulala katika mitungi ya injini na kukataa kushika moto. Ndiyo maana magari ya namna hii huwa na kitangi kidogo cha petroli cha kuamshia injini. Mwaka jana nilikiondoa kitangi hicho. Niliondoa pia kabureta. Mahali pake nilifunga mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta, nilioununua kipande kimoja kimoja tangu nilipostaafu kufundisha fizikia katika shule ya ufundi.

Moyo wa mfumo huo ni sensa, yaani kihisi cha joto. Ukiitazama ni boliti ya shaba tu, urefu wa kidole gumba, iliyozama katika maji ya injini. Ndani yake mna kipunje ambacho ukinzani wake wa umeme hupanda kadiri maji yanavyozidi kuwa baridi. Kompyuta huiuliza: hali ya huko ikoje? Sensa hujibu kwa ukinzani. Kompyuta huongeza mafuta kwa kiasi cha jibu hilo. Sensa ikisema kweli, injini huwaka, na petroli haina kazi. Hii nimeipima mwenyewe katika sufuria ya supu ya Noêmia, kuanzia barafu hadi mchemko, na mkunjo wake wa grafu nimeuchora kwa mkono. Noêmia anadai kwamba mimi huzungumza na boliti hii zaidi kuliko ninavyozungumza naye. Sina takwimu.

Niliiacha Opala ikinguruma mbele ya dirisha la Bi Zulmira ili apate kuisikia. Alifungua dirisha. Aliomba niisogeze mbele kidogo, moshi unaingia kwenye nguo alizofua. Aliisikia, basi. Hilo ndilo lililokuwa kusudi.

Ildefonso aliegemea ua wetu akitafuna ubua wa nyasi. Akasema, "Mwalimu, kile kitangi ulikitoa kweli? Mimi nina galoni la petroli ghalani, halina kazi. Ukibanwa, sema." Nilimjibu kwamba petroli ni mkongojo, na mwenye miguu yake hatembelei mkongojo. Alisema haya, Jumamosi tutaitazama hiyo miguu.

Mtu wa dizeli. Usiku huweka karai la makaa chini ya injini yake, kama anayeatamiza mayai. Halafu anajiona ana gari.

Jumatano, 10 Julai

Nimegundua upungufu katika mpango. Safari itakwisha. Tutafika Laguna, atashuka, nitapandisha mlima peke yangu. Pakiwa na bahati nitakuwa nimeyasema maneno yangu. Pasipokuwa na bahati atabaki na nini changu? Hana kitu. Lazima awe na kitu mkononi kila asubuhi.

Zawadi, basi. Nimefikiri tangu alfajiri.

Kuna jambo moja tu ambalo Bi Zulmira hulalamikia, na hulalamikia kwa upole, akitazama kando: maji. Maji yaliyochemka huyaunguza majani na chimarrão huwa kama sabuni. Maji ya vuguvugu huyaacha yamelala. Noêmia huchemsha kila kitu. Huo ndio msimamo wake maishani. Marehemu Otacílio, mumewe Bi Zulmira, alikuwa akijua kwa sikio. Alisimama kando ya birika, akainamisha kichwa, akasema "sasa", na maji yalikuwa sawa. Nimeisikia habari ya sikio la Otacílio mara nyingi kuliko nilivyomsikia Otacílio mwenyewe. Na mtu anashindanaje na sikio la marehemu?

Kwa kipimo. Kwa miaka mingi, kila siku Bi Zulmira aliposifu maji, nilisubiri aende, kisha nikatia kipimajoto katika chupa ya chai. Siku alizosifu, maji hayo, ukirudisha kiasi yalichopoa, yalikuwa na nyuzi sabini na mbili. Huyo ndiye Otacílio. Sabini na mbili.

Nitamtengenezea birika linalosema sabini na mbili. Sensa ndani, mshale nje.

Tatizo la sensa. Ninazo mbili. Ile mpya niliyoagiza hukosea kwa nyuzi mbili, na mwanamke hapewi zawadi inayokosea kwa nyuzi mbili. Nimeirudisha kwa posta leo hii, pamoja na maelezo ya kurasa kadhaa. Imebaki ile ya injini. Hiyo haikosei.

Nimeifungua. Nimeichemsha kwa siki mara tatu mpaka jikoni pakanuka achari. Nimetoboa birika jipya la bati, nimefunga sensa kwa nati na mpira wa kuzibia, nimepitisha nyaya kwenye mpini, nimeweka betri ndogo na mshale juu ya uso wa saa ya zamani. Noêmia alisimama mlangoni na kuuliza kama nimetoa kitu kwenye rejeta nikakitia kwenye birika la mtu. Nilimrekebisha: si kwenye rejeta, ni karibu na themostati. Alisema Bikira Maria aniangalie. Kisha akauliza gari itawashwa na nini.

Nimemwambia ni suala la Ijumaa.

Alhamisi, 11 Julai

Siku hii naiandika polepole.

Noêmia alitoka mapema, eti unga umekwisha. Gunia nimeliona mwenyewe, limejaa. Wanawake wa ukoo wetu hawana kumbukumbu nzuri. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu alipoingia Bi Zulmira, mashavu mekundu kwa barafu, akauliza wako wapi watu wa nyumba hii. Nikasema ni mimi.

Nililiweka birika jikoni. Mshale ulipanda. Hamsini. Sitini. Bi Zulmira alisogeza kiti, akaweka miwani. Sabini. Kwenye sabini na mbili niliondoa birika motoni, nikajaza kibuyu, nikanywa cha kwanza mwenyewe kama inavyompasa mwandaaji, nikajaza cha pili, nikampa.

Alifyonza mrija. Alifumba macho. Alisema, "Ehe. Ndiyo penyewe."

Alikirudisha kibuyu. Hakusema asante. Nikajaza. Alikirudisha tena. Nikajaza. Majani yalipopoteza rangi alisema badilisha, Mwalimu, tuanze upya. Tulianza upya. Theluji nyepesi ilikuwa ikidondoka nje, isiyoshika chini. Jua lilipofika kwenye sanduku la kuni tulikuwa bado tumekaa.

Aliniambia jambo ambalo hajamwambia mtu. Miaka ya mwisho, sikio la Otacílio lilikuwa limekufa kabisa. Maji yalikuwa yanaungua kila siku. Yeye alikunywa majani yaliyoungua akatabasamu, kwa sababu mzee alisimama pale na kichwa chake kimeinama, akasema "sasa" kwa fahari namna ile. "Ungefanyaje, Mwalimu? Ungemwambia?" Nikasema ningempima sikio. Alicheka mpaka akashika ubavu. Sikuelewa, lakini nilifurahi kuwa sababu.

Kisha akasema mimi sikuhitaji sikio. Niliona ni mahali pafaapo, nikamweleza jinsi ukinzani unavyoshuka joto linapopanda. Kwamba haushuki kwa mstari ulionyooka bali kwa mkunjo, mkali mwanzoni, mtulivu baadaye. Alisikiliza, kidevu kwenye kiganja. Alipozungumza tena alikuwa akitazama moto. Aliuliza mtu afanyeje akitaka kitu kibaki pale pale kilipo, kisipoe.

Nilimwambia chupa ya chai. Nilimweleza habari za ombwe kati ya kuta mbili.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alielewa.

Aliondoka na birika amelifunga ndani ya mtandio kama mtoto mchanga. Mlangoni alisimama, akawa kama mtu anayetaka kusema neno, akasema kesho kutwa basi, Mwalimu. Nilikaa kwenye kiti chake mpaka kikapoa.

Jioni, nikiyapitia haya, nimeona kasoro moja. Vibuyu vyote vile, na zawadi juu yake, na hakusema asante hata mara moja. Haya ni mawazo ya safari, bila shaka. Simhesabii.

Ijumaa, 12 Julai

Suala la gari limetatuliwa.

Mahali pa sensa nimeziba kwa boliti ya kawaida na gundi ya injini. Kwenye nyaya zake nimefunga rezista, kijiti kidogo chenye mistari ya rangi, ambacho ukinzani wake haubadiliki kamwe. Kompyuta itauliza: hali ya huko ikoje? Rezista itajibu: nyuzi ishirini. Asubuhi, nyuzi ishirini. Mchana, nyuzi ishirini. Majira yote, hali ya masika.

Nimejaribu baada ya chakula cha mchana, jua likiwa juu ya boneti. Imewaka kwa mguso wa kwanza. Sauti laini, kama isiyo na shaka na lolote duniani. Nimejiuliza kwa nini nilihangaika na ukweli mwaka mzima. Injini haihitaji kujua hali. Inahitaji kuambiwa jambo moja na kuliamini.

Noêmia ameuliza kama hicho kijiti kinajua baridi. Nimemjibu kwamba hakidai kujua, na kisichodai kujua hakiwezi kukosea. Akasema redio imetangaza baridi ya kusini inaingia usiku, kali kuliko zote za mwaka huu. Akasema nivuke barabara, niombe boliti yangu. Niombe zawadi irudishwe? Nilimtazama tu. Akasema basi nikachukue lile galoni la Ildefonso. Nilimtazama tena.

"Kaka," akasema, "yule mama amekuja hapa jikoni kila siku tangu mumewe afe. Una habari kwamba ana jiko kwake?"

Bila shaka nina habari. Ni jiko la matofali, dohani yake inavuta vibaya. Nimekwisha mwambia Bi Zulmira jinsi ya kuirekebisha, na hakuirekebisha.

Nimepiga pasi shati jeupe. Nimesafisha kiti cha abiria. Nimeweka blanketi la sufu. Maneno matatu nimeyasema mbele ya kioo. Katika kichwa yanakaa vizuri, mdomoni yanatoka kama majibu ya mtihani. Yatalainika njiani, kwenye kona ya saba au ya nane.

Jumamosi, 13 Julai

Nyuzi saba chini ya sifuri.

Naandika nikiwa bado na grisi mikononi.

Alfajiri Bi Zulmira alikuwa langoni kwake na masanduku yake, birika chini ya kwapa. Pikapu ya Ildefonso ilikuwa bado haijaonekana. Nafasi yote ilikuwa yangu. Nilimfungulia mlango wa Opala. Nilikuwa nimeisukuma hadi langoni mapema, mimi na Noêmia, ili awe shahidi wa uwashaji wenyewe. Alisema, "Bado haingurumi, Mwalimu." Nikasema ni suala la sekunde. Akaingia. Akakaa. Nilimtandikia blanketi magotini. Mlango ulifungwa kwa ule mlio wake mzuri. Tulikuwa wawili, madirisha yamefungwa, kama nilivyopanga, na kwa muda huo mfupi mpango wangu wote ulikuwa umetimia ila gari.

Nikapiga stata.

Kompyuta iliuliza hali. Rezista ilisema nyuzi ishirini. Kompyuta ikaamini, ikatoa mafuta ya mchana wa masika. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza.

Nilitoka, nikafungua boneti. Nilijua kosa liko wapi; hilo nataka lieleweke. Kilichohitajika ni uongo wa baridi zaidi. Noêmia alikimbia kuleta redio yake ya jikoni, nikaipasua kwa bisibisi, nikatoa rezista kubwa kuliko ya kwanza, nikaiunganisha. Sasa kompyuta iliambiwa tuko nyuzi arobaini chini ya sifuri, ambako hata nguruwe pori wetu hawaishi. Ikamimina. Plagi zililowa. Harufu ya kiwanda cha pombe ilitanda mtaa mzima.

Kati ya ukingo wa boneti na kioo kulikuwa na upenyo mwembamba. Nikiwa nimeinama niliona humo mikono yake tu, na glavu zake za kijivu, na birika mapajani.

Ndipo pikapu ilipokuja, polepole, inanguruma, joto la makaa bado tumboni mwake. Ildefonso alishuka. Nilitegemea acheke, lakini hakucheka. Alikuwa amebeba galoni. "Kikombe kimoja tu kwenye koo la injini, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, ili asikike kwangu tu. "Itawaka. Nitasema imewaka yenyewe."

Nilimwambia petroli itaharibu jaribio.

Bi Zulmira aliteremsha kioo. Alisema, "Mwalimu, kubali tu." Nikasema bado kidogo. Akalinyanyua birika, akalipitisha dirishani kwa mikono miwili. "Kile unachokitafuta si kiko humu? Kifungue. Nitakwenda na birika lenye tundu. Haidhuru."

Sensa yangu. Mkunjo niliouchora kwa mkono. Nati moja tu, na bisibisi nilikuwa nayo mfukoni, na koleo.

Nilisema, "Bi Zulmira, zawadi haifunguliwi."

Aliendelea kulishika birika nje ya dirisha kwa muda mrefu kuliko uzito wake ulivyoruhusu. Kisha akalirudisha ndani. Nilipiga stata tena. Betri ilitoa mlio wa mtu anayeamshwa kwa nguvu, kisha haikutoa mlio wowote.

Ildefonso alihamisha masanduku. Bi Zulmira alishuka, akakunja blanketi langu vizuri, kona kwa kona, akaliacha kwenye kiti. Akanipa mkono. Maneno yangu matatu yalikuwa tayari mdomoni. Nilisema: "Usilijaze birika kupita alama."

Akasema, "Sitajaza, Mwalimu."

Pikapu ilipokunja kwenye kanisa taa zake za nyuma ziliwaka, kisha zikazimika.

Jumapili, 14 Julai

Anga safi. Saa sita, betri ikiwa imechajiwa usiku kucha, rezista ya kwanza imerudishwa mahali pake na jua likiwa juu ya boneti, Opala imewaka kwa mguso wa kwanza. Mtu aieleze hiyo.

Nilimwambia Noêmia naenda kujaribu betri. Nikaenda mpaka ukingo wa mlima, pale barabara inapoanza kujikunja kushuka na watu husimama kutazama bonde. Siku ya anga safi bahari huonekana, ukijua pa kutazama: ufito mwembamba wa kijivu, ambao mwingine angesema ni ukungu. Nilisimama hapo. Sikuwa na kusudi lolote la kipimo.

Nikiwa nimesimama, mvuke ukatoka chini ya boneti. Feni haikuzunguka. Kompyuta ilikuwa imeambiwa maji yana nyuzi ishirini, na kwa nyuzi ishirini hakuna haja ya feni. Ndani yake kila kitu kilikuwa kinachemka. Simlaumu mtu. Iliamini ilichoambiwa.

Aliyenikuta ni Ildefonso, akipanda kutoka Laguna alikolala kwa binamu yake. Alifunga kamba bila maswali. Njiani, nikiwa nimekaa katika pikapu yake, kwenye kiti ambacho jana kilikuwa na mwenyewe, ndipo alipozungumza. Alisema Bi Zulmira hakufungua mdomo mpaka ukingo wa mlima. Pale alimwomba asimame. Alishuka, akasimama kwenye ukuta. "Watu wote husimama pale kutazama bahari, Mwalimu. Yeye aliipa bahari mgongo. Alitazama tulikotoka. Nikamwuliza, mama, umesahau kitu? Akasema ndiyo. Nikasema tugeuze basi? Akasema hapana, kitu chenyewe hakiwezi kubebwa, lazima kije chenyewe."

Nilimshukuru kwa taarifa. Nilipofika nyumbani nilipekua jikoni. Nyuma ya sanduku la kuni nimepata mwavuli wake.

Nitautuma kwa posta. Kuhusu kuja chenyewe, Ildefonso si mtu wa kunukuu kwa usahihi.

Jumamosi, 20 Julai

Kiti kati ya jiko na sanduku la kuni kiko wazi. Noêmia amejaribu kuweka kapu la kuni juu yake mara mbili, na mara mbili nimelitoa. Mbegu nene bado naziweka kando, zimekuwa rundo.

Leo Bi Zulmira amepiga simu. Noêmia aliweka sauti wazi, akaegemeza simu kwenye mtungi wa sukari. Sauti ya Bi Zulmira ilikuja na upepo nyuma yake. Alisema magoti yanamshukuru Mungu. Alisema binti yake anakunywa kahawa tu, kwa hiyo anakaa na kibuyu peke yake, kibarazani, kandambili miguuni. Birika linafanya kazi. Mshale unasimama kwenye sabini na mbili kila asubuhi bila kutetereka. Majani ni yale yale, ya duka letu. "Lakini hainogi, Noêmia. Mwambie Mwalimu kuna kitu kimepungua."

Upepo.

"Na umwambie kwamba siku ile ya birika sikusema asante. Na mpaka leo sijasema."

Noêmia alikata simu. Aliweka mikono kiunoni, akanitazama kama alivyonitazama tangu tukiwa watoto nilipokuwa nikipewa mpira na kuuliza una uzito gani. Akasema, "Umesikia?"

Nimesikia. Na nimeelewa, kwa haraka ambayo imenishangaza hata mimi mwenyewe. Laguna iko usawa wa bahari. Huku juu maji huchemka kabla ya mia. Kule huchemka kwenye mia kamili. Sabini na mbili ya huku iko karibu zaidi na mchemko wake kuliko sabini na mbili ya kule. Otacílio alikuwa akisikiliza mlio wa maji haya, ya milimani, si ya pwani. Kipimo kinahitaji kusahihishwa kwa ajili ya mwinuko. Ndicho kilichopungua. Kuhusu asante, nimemwambia Noêmia amjulishe kwamba nimekwisha msamehe.

Noêmia alitoka nje. Namsikia akiwaeleza kuku habari zangu, na kuku wanaonekana kukubaliana naye.

Nimeagiza sensa mpya, bora kuliko ile. Itakuja, nitaipima, nitaituma Laguna na maelezo kamili. Ataniarifu majibu, nitarekebisha, nitatuma tena. Kwa makadirio ya wastani tutakuwa tumepata kipimo sahihi kabla ya mavuno ya matufaha. Mawasiliano yatakuwa ya mara kwa mara. Sijawahi kuwa na mpango imara kama huu.

Ildefonso ameacha galoni lake la petroli langoni kwetu, bila neno. Limefaa. Nimesafishia plagi.

Noêmia naye ameniwekea mezani ratiba ya basi la Laguna, ameizungushia safari ya alfajiri kwa kalamu nyekundu, mara nyingi, mpaka karatasi karibu itoboke. Upande wa nyuma ni mweupe kabisa. Nimechora hapo mkunjo mpya, kuanzia sifuri.